Filta za bei poa: nani anayelipa Tabora?

Msimu wa mizigo Tabora una tabia moja ambayo wenye malori wote wanaijua lakini wachache wanaiweka kwenye hesabu. Masoko ya tumbaku hufunguliwa mvua zinapokatika, kwenye Aprili au Mei, na shughuli huendelea mpaka Agosti, pengine Septemba. Mpunga wa Igunga na Nzega nao huvunwa na kusombwa katika kipindi hicho hicho. Kabla tumbaku haijamalizika kutoka vijijini, mbolea ya msimu unaofuata huwa imeanza kuingia. Kwa maneno mengine, karibu mzigo wote wa maana wa mkoa huu husafiri wakati wa kiangazi, na kiangazi cha Unyamwezi ni vumbi.

Ukikaa na wenye malori mjini Tabora utasikia malalamiko juu ya bei ya dizeli, juu ya matairi na juu ya ushuru wa njiani. Kifaa ambacho ni nadra kutajwa ni filta ya hewa, ile ambayo mafundi wengi bado wanaiita ea klina. Sababu ni kwamba bei yake haitishi. Kwa kuwa haitishi, ndiyo ambayo kila mtu anaona anaweza kubania: mwenye lori hununua ya bei poa, fundi hununua ya bei poa zaidi kuliko aliyotumwa, na dereva huipuliza kwa kompresa ili ionekane mpya. Mwisho wa msimu injini inakula oili, na lawama zote zinapelekwa kwenye barabara.

Barabara haistahili lawama zote hizo. Inayostahili kulaumiwa zaidi ni hesabu ya wafanyabiashara wenyewe.

Hesabu ya hewa

Lori halili dizeli peke yake. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, na ili iungue sawasawa inahitaji, kwa uchache kabisa, kilo 12 za hewa. Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na huko mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo moja. Kwa hiyo kila lita moja ya dizeli inaandamana na angalau mita 12 za ujazo za hewa. Injini za dizeli kwa kawaida huvuta zaidi ya hapo, lakini kiwango hicho cha chini kinatosha kwa hesabu hii.

Chukulia lori linalotumia lita 400 kutoka Dar es Salaam kufika Tabora. Hewa iliyopita ndani ya injini yake katika safari hiyo moja ni karibu mita 4,800 za ujazo. Kontena la futi 40 linachukua mita 67 hivi. Yaani lori hilo limemeza zaidi ya makontena 70 ya hewa kabla halijashusha mfuko mmoja wa saruji.

Kwenye lami hewa hiyo ni safi kiasi. Nje ya lami, nyuma ya lori lingine, mambo ni tofauti. Kipimo cha kimataifa cha kujaribia filta za hewa, ISO 5011, hutumia gramu moja ya vumbi katika kila mita ya ujazo, na hicho ni kiasi ambacho dereva akikutana nacho barabarani haoni mbele. Lori likienda kilomita 100 katika vumbi la namna hiyo, likatumia lita 50, litakuwa limevuta mita 600 za ujazo, na vumbi lake ni gramu 600. Zaidi ya nusu kilo ya mchanga laini imefika mlangoni mwa injini kwa siku moja.

Hapa ndipo tofauti ya filta na filta inapoonekana. Filta nzuri ya lori huzuia asilimia 99.9 ya vumbi au zaidi. Katika zile gramu 600 itapitisha pungufu ya gramu moja. Filta inayozuia asilimia 97, kiwango ambacho mtu asiyejua angekiona ni alama nzuri sana darasani, itapitisha gramu 18. Hiyo ni mara 30, kwa siku moja, kwa lori lile lile.

Vumbi linaloumiza injini zaidi si lile la chembe kubwa linaloonekana kwenye dashibodi. Ni chembe za mikroni 5 hadi 20, ndogo kuliko unene wa unywele, zinazoweza kuingia kati ya ringi na ukuta wa silinda pale ambapo utando wa oili ni mwembamba. Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatzi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ringi ya juu huanza kulika, kompresheni hushuka, moshi huanza kutoka kwenye kifuniko cha oili, na dereva huanza kubeba galoni la oili la akiba. Hakuna kishindo wala kukatika kwa kitu, na ndiyo maana mwenye lori hajui siku hasara ilipoanza.

Wakati wa mradi wa karanga wa Serikali ya Kiingereza, uliozinduliwa mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, mitambo iliyopelekwa Kongwa ilikutana na udongo wenye mchanga mkali uliokula vyuma vya majembe kwa kasi ambayo wakubwa wa London hawakuitegemea. Urambo, ndani ya Tabora, ilikuwa sehemu ya mradi huo huo. Udongo wa ukanda huu wa kati haujabadilika tangu hapo.

Lami imedanganya wengi

Safari ya Bagamoyo hadi Tabora ni biashara ya usafirishaji ya zamani sana katika nchi hii. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba ya mwaka huo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na nguo kwenye njia hiyo, na kila msafara uliopita Ugogo ulilipa hongo kwa watemi wa huko ili upate njia na maji. Neno hilo leo lina maana mbaya, lakini wakati ule ilikuwa gharama halali ya biashara ambayo kila tajiri wa msafara aliipiga hesabu kabla ya kuondoka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikawapumzisha wapagazi, na malori yakaja baadaye kuchukua kile ambacho reli haikuweza.

Kwa miaka mingi kipande kibaya kuliko vyote kilikuwa kati ya Itigi na Tabora. Kipande hicho sasa ni lami. Sehemu ya Nyahua hadi Chaya, yenye kilomita 85, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2022, na safari ambayo zamani ilikuwa ya kuomba Mungu ikawa ya kawaida.

Faida ya barabara hiyo haina ubishi. Ila imeleta fikra moja ya hatari, kwamba vumbi limekwisha. Wapo wenye malori ambao zamani walibadilisha filta mara mbili kwa kiangazi, nao sasa wanabadilisha mara moja au wanaunganisha na mwaka unaofuata, kwa hoja kwamba lori linatembea kwenye lami. Linatembea kwenye lami likiwa limekwisha kupakia. Tumbaku haipakiwi kwenye lami. Inapakiwa kwenye maghala ya vyama vya msingi vijijini, Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua, na njia za kufika kwenye maghala hayo ni za udongo. Tena wakati wa masoko malori huingia vijijini kwa misururu, na lori la nne katika msururu linavuta vumbi la matatu yaliyotangulia. Kilomita 40 za namna hiyo zinaweza kulisha filta kuliko safari nzima ya kutoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo anayehesabu maisha ya filta kwa jumla ya kilomita zilizo kwenye mita anafanya hesabu isiyo na maana. Kinachotakiwa kuhesabiwa ni kilomita za vumbi.

Theluji yao, tope letu

Tatizo hili si la Afrika peke yake, na ni vizuri mwekezaji mdogo ajue jinsi linavyoonekana kwingine. Huko Kanada na kaskazini ya Marekani, ambako miezi kadhaa ya mwaka ni theluji, wapo wenye magari wanaotoa mfumo wa hewa uliotoka kiwandani na kuweka wa kununua dukani, wenye filta kubwa iliyo wazi, kwa kuahidiwa kwamba gari litapata nguvu zaidi. Wakati wa joto hakuna shida. Ikianza theluji laini inayopeperuka kama unga, filta iliyo wazi huivuta yote, theluji hushikamana juu ya kichujio, huyeyuka kwa joto la injini, huganda tena, na mwishowe injini hukosa pumzi katikati ya barabara. Mfumo wa kiwandani, ambao mnunuzi aliuona wa kizamani na umebanwa mno, ulikuwa umefichwa nyuma ya taa au ndani ya tundu la gurudumu kwa makusudi. Baadhi una hata kilango kinachofunguka na kuvuta hewa yenye joto kutoka upande wa injini pale njia ya kawaida inapozibwa.

Tabora haina theluji, lakini ina Novemba. Filta iliyokaa kwenye vumbi tangu Mei imebeba tabaka la udongo mkavu ambalo bado linapitisha hewa. Mvua ya kwanza ikiinyeshea, kama mfuniko wa sanduku la filta haufungi vizuri au bomba la kuvutia hewa limehamishwa kutoka mahali pake, udongo ule unageuka tope juu ya karatasi. Jua likiwaka siku ya pili, tope linakauka kama tofali. Injini inavuta, haipati. Inatoa moshi mweusi na kula dizeli zaidi. Karatasi nzuri huvumilia mvuto huo kwa muda. Karatasi hafifu hukunjika au kupasuka, na tangu hapo hakuna kinachozuia chochote.

Kinachofuata wengi wamekiona. Lori limekwama, mzigo uko juu, fundi wa njiani anatoa filta iliyoziba na kuitupa, anafunga sanduku tupu na kusema lori liendeshwe hivyo hivyo mpaka mjini. Lori linaondoka kwa nguvu mpya, dereva anamsifu fundi, na injini inavuta kila kitu kwa safari nzima.

Kuna jambo jingine kuhusu nchi za theluji ambalo wanunuzi wa malori ya mtumba hawana budi kulizingatia. Scania au Volvo iliyotumika Ulaya kwa miaka kumi iliagizwa na mwenyewe wa kwanza kwa ajili ya barabara za Ulaya, zenye baridi na theluji lakini vumbi kidogo. Watengenezaji wa malori huuza pia mifumo ya hewa ya nchi kavu, yenye filta kubwa zaidi na kichujio cha awali kinachozungusha hewa ili mchanga mzito urushwe pembeni kabla haujafika kwenye karatasi. Lori la mtumba kwa kawaida haliji na kitu hicho, kwa sababu aliyeliagiza hakukihitaji. Mnunuzi wa Tabora analipa mamilioni kwa lori la nchi nyingine, halafu analiwekea filta ya bei ya chini kuliko zote sokoni. Ni vigumu kuona mantiki ya uamuzi huo.

Cha juu

Zamani tatizo lilikuwa uhaba. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 spea zilipatikana kwa kibali na kwa foleni, na mafundi wa wakati ule walijifunza kuosha, kupuliza na kurudishia kila kitu kwa sababu hapakuwa na kingine. Biashara ilipofunguliwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, maduka yalijaa. Uhaba ukaisha lakini mazoea ya uhaba yakabaki, na juu yake yakaja mazoea mapya ya boksi zuri lenye kitu kibaya ndani.

Haitoshi kusema kwamba filta feki zipo. Swali la kibiashara ni kwa nini zinaendelea kununuliwa na watu wenye akili timamu. Jibu ni kwamba anayechagua filta siye mwenye injini. Mwenye lori yuko mjini au yuko Dar es Salaam. Anatuma fedha kwa simu. Dereva anampa fundi, fundi anakwenda dukani, na kati ya mikono hiyo mitatu kuna cha juu. Duka linaandika risiti ya bei kubwa na kutoa filta ya bei ndogo, au halitoi risiti kabisa. Filta ikishafungwa ndani ya sanduku haionekani tena, tofauti na tairi ambalo mwenye lori analiona akiwa mbali. Hakuna spea rahisi kuiibia kama hii.

Soko lenyewe linamwadhibu mkweli. Mwenye lori anayeweka filta sahihi ana gharama kubwa kidogo kwa safari kuliko mwenzake, na wote wawili wanashindania mzigo ule ule kwa bei ile ile ya tani. Kwa msimu mmoja yule wa bei poa anaonekana mjanja. Hasara yake inakuja msimu wa pili au wa tatu, na mara nyingi kabla haijaja anakuwa amekwisha kuliuza lori. Anayelipa ni mnunuzi wa pili, ambaye kwa kawaida ni mdogo zaidi na ana mkopo mkubwa zaidi.

Chukulia mfano, wa hesabu tu, wa wafanyabiashara watatu wanaochangishana na kukopa ili kununua Fuso ya mtumba ya sh. milioni 45. Filta nzuri ni sh. 150,000 na ya bei poa ni sh. 50,000, kwa filta tatu kwa mwaka wameokoa sh. 300,000. Julai injini inashushwa. Ringi, pistoni, laina, gasketi na ufundi ni sh. milioni 7. Lori linakaa gereji wiki tatu katikati ya masoko ya tumbaku, na kama faida ya wiki ni sh. 600,000, hiyo ni sh. 1,800,000 nyingine. Riba ya benki haisimami wiki hizo tatu. Hata namba hizo zikipunguzwa kwa nusu, akiba ya sh. 300,000 haionekani popote. Bima nayo haisaidii, maana hata bima kubwa ya gari kwa kawaida hailipi uchakavu wala kuharibika kwa mitambo.

Mwenye mzigo pia anaumia. Tumbaku iliyokaushwa haipendi unyevu. Lori likikwama na turubai lina matundu, tumbaku inaweza kuota ukungu na kushuka daraja. Mkulima wa chama cha msingi hajawahi kuona filta ya lori, lakini ana hisa ndani yake.

Si kila isiyo ya kiwandani ni mbaya

Ni haki kusema upande wa pili. Filta isiyo na jina la mtengenezaji wa lori si lazima iwe feki. Kampuni kama Mann+Hummel ya Ujerumani na Donaldson ya Marekani zinatengeneza filta zinazoingizwa kwenye magari yanapotoka kiwandani, na zile zile zinauzwa kwa jina lao wenyewe, mara nyingi kwa bei nafuu zaidi kuliko boksi lenye alama ya lori. Donaldson yenyewe ilizaliwa kutokana na tatizo hili hili: Frank Donaldson, muuza matrekta wa Minnesota, alibuni kichujio chake cha kwanza mwaka 1915 baada ya injini ya trekta la mteja kuharibiwa na vumbi shambani. Kwa hiyo anayesema lazima ununue kwa wakala wa lori peke yake anamtetea wakala. Lakini majina makubwa ndiyo hasa yanayoigwa, na boksi lenye jina zuri linalouzwa kwa robo ya bei linajieleza lenyewe.

Aidha si kweli kwamba kubadilisha mara kwa mara ndiyo usalama. Filta mpya ya karatasi huzuia vizuri zaidi ikishapata vumbi kidogo, na kila mara sanduku linapofunguliwa porini vumbi fulani huangukia upande safi. Malori mengi huwa na kipimo kidogo kwenye sanduku la filta kinachoonyesha alama nyekundu mvuto ukizidi, kwa kawaida kwenye milibari 60 hivi kwa injini za dizeli. Kipimo hicho kikiwa kizima kinasema ukweli kuliko jicho la fundi. Kwenye malori mengi ya mtumba kimevunjika au kimeng'olewa, na kuna anayeona ni pambo.

Kompresa ya kujazia matairi ndiyo adui mwingine. Presha yake inazidi mara kadhaa ile ambayo karatasi inaweza kuistahimili, na inatoboa matundu yasiyoonekana mpaka mtu aweke tochi ndani ya filta na kuitazama kwa nje gizani. Kuigonga filta kwenye bampa ili vumbi lidondoke kunapinda ukingo wake wa mpira, na ukingo ukipinda hewa inapita pembeni hata kama karatasi ni nzima. Yapo pia mabomba. Ule mpira wa mikunjo unaounganisha bomba la juu la kebini na sanduku la filta hupasuka kwa mtikisiko, na pengine unafungwa kwa vipande vya tyubu na waya. Kwenye pikapu na Land Cruiser, bomba refu linalopanda pembeni ya kioo hufungwa bila kuziba maungio, basi gari linaonekana la porini huku likivuta hewa ya kwenye tairi. Mabomba yaliyohamishiwa chini ni hatari zaidi wakati wa mvua: lori likiingia kwenye mbuga iliyofurika likavuta maji, silinda haiwezi kuyabana kama inavyobana hewa, na kinachopinda ni koni rodi.

Nani aanze

Sheria zipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia. Shirika la Viwango lina sheria yake ya mwaka 2009. Pamoja na hayo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inampa nguvu mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya kitu na kutegemea ujuzi wake: kitu hicho kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Aliyeingia dukani na kuagiza kwa jina la chapa tu ana kinga ndogo kuliko aliyesema ni filta ya lori fulani, la mwaka fulani, linalofanya kazi vijijini kwenye vumbi, na maelezo hayo yakaandikwa kwenye risiti. Risiti ndiyo kitu cha kwanza kinachokosekana katika biashara ya cha juu, na bila risiti hakuna Tume wala mahakama inayoweza kusaidia sana.

Lakini kusubiri Serikali ikague kila duka la spea kati ya Kariakoo na Kigoma ni kujidanganya. Wenye nguvu ya kubadili mambo haraka ni wale wanaotoa mizigo na wale wanaotoa mikopo. Chama cha msingi au kampuni ya tumbaku inayokodi malori inakagua matairi na turubai. Haitachukua dakika kumi zaidi kufungua sanduku la filta na kuandika alichokiona mkaguzi. Benki inayochukua lori kama dhamana inataka kadi ya gari na bima, lakini thamani ya dhamana ile iko kwenye injini. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kukopeshwa mamilioni kwa lori ambalo hakuna aliyelitazama koo lake.

Mwenye lori naye anaweza kuvunja mnyororo wa cha juu bila kumgombeza mtu. Anunue filta mwenyewe, ya nje na ya ndani, kabla ya Mei. Aandike tarehe na mita kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukingo wake. Adai filta ya zamani irudishwe mkononi kabla hajatoa mpya. Wapo wanaofanya hivyo tayari, na mafundi wao huwaita wakorofi.

Kwa anayekwenda kununua lori la mtumba kwa mwenzake mwishoni mwa msimu, kipimo ni cha bure. Afungue hozi inayotoka kwenye sanduku la filta kwenda kwenye tabo, aingize kitambaa cheupe na kupangusa ndani, upande ule ambao hewa inatakiwa iwe imekwisha chujwa. Kitambaa kikitoka safi, mazungumzo ya bei yaendelee. Kikitoka na wekundu wa Urambo, anachouziwa ni chesi, bodi, ekseli na matairi, na bei ipangwe kama kwamba injini haipo.